Prof aliyerudi na kazi mkononi: Tickodri-Togboa, gari la Kiira na bursi zetu

Wandugu, sisi tuko na namna moja tu ya kusifu maprofesa wetu. Munaijua: alizaliwa kijiji fulani, akasoma Ubelgiji ao Urusi, akarudi na doktora, akafundisha miaka mingi, akaandika makala, akatuma wanafunzi Ulaya kwa bursi, akapewa medali. Mwisho foto: joho, kofia, maua, na watu wa protokole pembeni. Nimesoma maandishi mengi ya aina hiyo, na mengine nimesaidia kuyasahihisha. Nia yake ni nzuri. Lakini ukimaliza kusoma, uliza swali moja dogo: baada ya safari zote hizo, nini kilibaki juu ya meza ya laboratwari ya kwao? Mara nyingi karatasi haijibu. Inahesabu ndege, haihesabu mashine wala vijana wanaojua kuitengeneza.

Leo nataka kupima kazi ya prof mmoja kwa swali hilo. Si wa kwetu, ni wa Uganda: Sandy Stevens Tickodri-Togboa, prof wa hesabu za uinjinia pale Makerere, ambaye wengi wanamjua kwa ajili ya gari moja dogo la kijani. Nimemchagua kwa sababu kazi yake iko na vitu vyote vitatu tunavyopenda kuandika, yaani kufundisha, kutafiti na kubadilishana wanafunzi na nchi za nje. Tena ndani yake kuna ya kusifu kweli na ya kukosoa kweli. Mimi ni mtu wa agronomia, mtoto wa Kabimba. Moteri ninayoijua ni ile ya mtumbwi wa ndagala. Sitahukumu nyaya za umeme. Nitahukumu njia.

Tuanze na kile ambacho magazeti yanaruka: hesabu. Watu wakiandika juu ya Tickodri-Togboa, wanaanza na gari. Lakini mwalimu wa hesabu za uinjinia ni yule anayekutana na wanafunzi mapema, kabla hawajagusa waya hata mmoja, oditwari ikiwa imejaa mpaka dirishani. Hakuna foto nzuri inayopigwa pale. Hakuna rais anayekuja kukata utepe siku wanafunzi wanapoelewa ekwesheni za diferenshali. Na bila hiyo hakuna kitu kingine katika hadithi hii kingewezekana, maana gari la umeme, ukiondoa rangi na viti, ni hesabu zinazozunguka: umeme kiasi gani unatoka kwa betri, kwa kasi gani, kwa muda gani, mpaka betri ichoke. Kwetu vilevile, mwalimu wa takwimu ndiye tunayemkimbia, halafu siku ya memwari njo tunamtafuta mpaka nyumbani kwake.

Sasa kazi ya pili, ambayo mimi naiona bora kuliko gari lenyewe, na ambayo karibu hakuna mtu anayeitaja. Inaitwa iLabs. Wazo lilianzia chuo cha MIT, Massachusetts, Marekani, kwa prof Jesús del Alamo, mwishoni mwa miaka ya 1990. Yeye alikuwa anafundisha mambo ya transista, na vyombo vya kupimia transista ni ghali na vichache. Akaunganisha chombo na intaneti. Mwanafunzi anakaa chumbani kwake, anaandika volti anazotaka, chombo cha kweli kinapima transista ya kweli, majibu yanarudi kwa skrini. Muelewe vizuri: si mchezo wa kompyuta unaoiga jaribio. Ni jaribio lenyewe, isipokuwa mkono wako uko mbali.

Kuanzia 2005 hivi, kwa pesa za shirika la Carnegie la Marekani, vyuo vitatu vya Afrika viliingia humo: Obafemi Awolowo cha Nijeria, Dar es Salaam cha Tanzania, na Makerere. Upande wa Makerere, kiongozi wa mradi alikuwa Tickodri-Togboa.

Mbele ya kusifu, angalia mtego uliokuwa ndani yake. Mradi wa namna hii unaweza kugeuka haraka kuwa dirisha la duka: wewe unaangalia vitu vya mwenzako kupitia kioo, unasema asante, unarudi nyumbani mikono mitupu. Tena kumbuka intaneti ya wakati ule. Nyaya kubwa za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 tu. Mbele ya hapo karibu kila kitu kilipita kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuua. Mwanafunzi wa Kampala anayengoja chombo cha Massachusetts kimjibu, na kundi lote nyuma yake linangoja laini ileile... hiyo tungeita maendeleo?

Jibu la Makerere ndilo linanifurahisha. Hawakubaki kwa kioo. Walianza kujenga laboratwari zao wenyewe za mtandao, Kampala, kulingana na silabus yao, na waliojenga walikuwa wanafunzi wenyewe pamoja na walimu vijana. Mwanafunzi anayejenga jaribio kwa ajili ya wenzake wa mwaka wa chini anajifunza mara mbili: lazima ajue somo, na lazima ajue mahali ambapo mtu asiyejua atakosea. Pesa zilitoka nje, wazo lilitoka nje, lakini kifaa kilikuwa cha pale. Kwa swali langu la meza, hapo nampa prof alama nzuri.

Linganisha na sisi. Mahali niliposoma, na sitapataja, pH ya udongo tulijifunza ubaoni. Tulijua fomula. Tulijua kusema logariti hasi ya kile na kile. Chombo chenyewe nilikishika mara ya kwanza baada ya kumaliza, kwa mradi wa watu wengine, na kijana aliyenionyesha namna ya kukisafisha hakuwa amefika hata chuo. Hakuna aliyefikiri kutupa sisi, watu wa mwaka wa mwisho, kazi ya kutengeneza jaribio moja la udongo kwa wadogo zetu, hata kwa siki na chupa.

Turudi kwa prof. Mwaka 2006 wanafunzi wa MIT walianzisha muungano wa vyuo vya nchi nyingi ili kubuni gari linalokula mafuta kidogo sana. Lengo lilikuwa maili 200 kwa galoni, yaani karibu kilometa 85 kwa lita moja, ndiyo sababu waliliita Vision 200. Makerere iliingia humo, Tickodri-Togboa akiwa mlezi wa vijana, na gari la mfano likaunganishwa Torino, Italia, mwaka 2008.

Hapa kuna tofauti ndogo ambayo kwangu ni kubwa. Katika bursi nyingi tunazozijua, kijana wetu anaenda kupokea: anasikiliza masomo, anafanya mitihani, anarudi na diploma. Torino ilikuwa kazi ya vipande. Vyuo viligawana kazi, na kipande chako kikikosea, gari la wote linasimama. Huendi kama mgeni wa kutembezwa. Watu wanakungoja, na wanaweza kukukasirikia. Mimi nadhani kukasirikiwa kwa kazi ni heshima ambayo wanafunzi wa Afrika wanapewa mara chache sana huko nje. Kwa kawaida tunachekewa tu na kupewa cheti cha kushiriki.

Halafu wakarudi. Kwetu hadithi ya bursi inaishia uwanja wa ndege: kijana karudi, familia imechinja, kwisha. Ao haijafika hata uwanja wa ndege, kijana amebaki kule. Kundi la Makerere lilirudi na swali jingine: kama tuliweza kushika sehemu ya gari la watu wote, tunaweza kushika gari zima letu? Wakaanza. Paul Isaac Musasizi, mwalimu kijana aliyekuwa pia msimamizi wa kazi za iLabs, akawa msimamizi wa mradi huo. Mnamo Novemba 2011 gari la Kiira EV lilitembea Kampala: viti viwili, umeme mtupu, kama kilometa 80 kwa betri moja iliyojaa. Pesa zilitoka serikali ya Uganda. Hilo nalo liangalieni: iLabs ilikula kwa Carnegie, Kiira ilikula kwa hazina ya nchi.

Sasa lawama, maana sikuja hapa kupiga makofi tu.

Kuna lawama moja rahisi, ambayo watu wa agronomia wanategemewa kuisema: Uganda ni nchi ya wakulima, kwa nini wasijenge trakta, ao pampu ya maji, ao mashine ya kukausha mahindi? Kuna nyingine: betri na moteri vilinunuliwa nje, basi gari la Uganda ni nini hapo? Hizi mbili mimi sizipendi. Ya pili haijui namna magari yanavyotengenezwa. Hakuna kiwanda duniani kinachofanya kila kipande chake. Ya kwanza inasahau kwamba laboratwari ya chuo haitengenezi kwanza vitu, inatengeneza watu. Kijana aliyefanya programu ya kusimamia betri ya gari anaweza kesho kusimamia pampu ya sola katika shamba la mpunga. Elimu ni ileile. Mtu anayetuambia wanafunzi wa Afrika wajifunze jembe tu, mimi namwangalia mara mbili, hata kama anasema kwa upole.

Lawama yangu ni nyingine. Kiira EV ilikuwa memwari yenye magurudumu. Ilikuwa kazi ya wanafunzi, nzuri, ya ujasiri, ya kupewa alama ya juu kabisa. Lakini siku ya kuionyesha, mbele ya rais Museveni, iligeuzwa kuwa ahadi ya taifa: eti Uganda sasa inatengeneza magari. Toka siku ile kazi ikapimwa kwa kipimo ambacho haikuumbwa kwacho. Watu wakaanza kuuliza bei, lini madukani, kwa nini bado. Mwaka 2014 likaja gari la pili, Kiira EV Smack, la viti vitano, linalotumia mafuta na umeme. Mwaka 2016 basi la Kayoola, viti 35, na sola juu ya paa, likaonyeshwa uwanja wa Namboole. Kila mara jukwaa, kila mara kamera. Lakini gari la kijani la viti viwili halikufika sokoni, na kampuni iliyozaliwa, Kiira Motors, ikahamia kwa mabasi.

Kuhamia kwenyewe kulikuwa na akili. Basi la mji linapita njia ileile kila siku, linarudi mahali palepale usiku, na mnunuzi wake anaweza kuwa serikali. Kwa betri hiyo ni rahisi kuliko gari la mtu binafsi anayetaka kwenda Arua kwa matanga bila kujua atachaji wapi. Mabasi ya Kayoola EVS yaliunganishwa Nakasongola, kwa kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, kabla kiwanda cha kampuni yenyewe cha Jinja kuwa tayari. Lakini angalia mgawanyo wa kampuni: serikali asilimia 96, Makerere asilimia 4. Nne! Chuo kilichobeba mimba kimebaki kama mjomba anayealikwa siku ya sherehe. Pengine serikali iliweka pesa nyingi na ni haki yake. Bado mimi nauliza: hizo asilimia nne zinanunua vyombo vingapi vya laboratwari kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili anayekuja leo?

Na prof mwenyewe? Alikuwa amekwisha kuwa makamu mkuu msaidizi wa chuo, upande wa fedha na utawala. Mwaka 2015 akateuliwa waziri wa nchi wa elimu ya juu, mpaka mwaka uliofuata. Maandishi ya sifa yanaweka hilo juu kabisa, kama kilele cha mlima. Mimi naliweka chini. Sisemi alifanya vibaya kule. Nasema kiti cha waziri kinaweza kukaliwa na watu wengi, lakini mtu anayeweza kuchukua kikundi cha wanafunzi wa Kampala, kuwaingiza katika kazi ya Torino, na kuwarudisha na kazi ya kuendelea, hao hawajai hata mkono mmoja. Hapa Kongo tunajua ugonjwa huo vizuri. Prof mzuri akionekana tu, tunampeleka Kinshasa kuvaa suti. Promosiyo inabaki na asista, asista anabaki na silabus ya mwaka jana, na sisi tunapiga makofi kwamba "mtoto wetu amepanda".

Nikijumlisha bila huruma: kwa kufundisha na kwa iLabs, nampa sana. Kwa Torino, nampa zaidi, maana aligeuza safari kuwa kazi. Kwa gari, nampa, ila nalaumu jukwaa lililolipandisha mbele ya wakati. Kwa uwaziri, simpi kitu.

Sasa kwetu, maana sikuenda Kampala kutalii.

Betri za magari kama haya zinataka litiamu, na nyingi zinataka kobalti. Litiamu iko Manono, ndani ya jimbo letu hilihili la Tanganyika, na ni moja ya akiba kubwa zinazojulikana duniani. Kobalti iko Kolwezi. Mwaka 2022, Lubumbashi, kulifunguliwa kituo cha Afrika cha utafiti wa madini ya betri, kwa ushirikiano wa Kongo na Zambia, pale Unilu. Vizuri sana. Lakini tukiwa na masikio ya kujifunza, Makerere inatuonyesha tuangalie wapi: nani anafundisha hesabu pale, mwanafunzi wa Zambia atakaa meza moja na wetu kwa lugha gani, Kifaransa ao Kiingereza, na kama kuna kipande cha kazi ambacho kijana wa Manono akikosea, wengine wote wanasimama. Majengo yataonekana yenyewe kwa foto.

Na si lazima tungoje betri. Kabimba wote wanaijua kwa simenti. Kiwanda kiko pale kwa sababu ya mawe ya chokaa. Kwa mtu wa agronomia, jiwe la chokaa si simenti tu. Likisagwa unga laini na kuchanganywa na udongo wenye asidi, linapandisha pH na kupunguza sumu ya alumini inayochoma mizizi. Udongo mwingi wa nchi zenye mvua kali, mvua imeufua kalisi yake na kuuachia asidi, na hapo unaweza kumwaga mbolea ya gunia na mahindi bado yanabaki ya manjano. Magharibi ya Kenya, sehemu za Koru, chokaa ya kilimo inasagwa na kuuzwa kwa wakulima wa mahindi. Sisi tumekaa juu ya jiwe, na memwari zetu zinanukuu majaribio ya Brazili.

Hebu fikiria kazi ya vipande, kwa mtindo wa Torino. Mwanafunzi wa uinjinia anabuni kinu kidogo cha kusaga, kinachoweza kufanya kazi bila umeme wa kila saa. Mwanafunzi wa kemia anapima kama mawe ya machimbo haya yako na kalisi ya kutosha ao yamejaa udongo. Mwanafunzi wa agronomia anapanda mistari ya mahindi na ya maharagi: na chokaa, bila chokaa, chokaa nusu. Mwanafunzi wa uchumi anahesabu bei, maana chokaa ni nzito na safari ndiyo inayoua faida. Hapo ziwa linatusaidia, mtumbwi hauna mashimo ya barabara. Mmoja akilala, wote watatu wanakosa memwari. Tena watagombana, nawaahidi.

Na kwa kubadilishana, tunaanza karibu. Chuo cha kilimo cha Sokoine kiko Morogoro, na wako na idara ya sayansi ya udongo. Kutoka Kalemie unavuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma kuna reli inayopita Tabora na Dodoma mpaka Morogoro yenyewe. Mwanafunzi wetu abebe mifuko ya udongo wa Kabimba na unga wa mawe, akapime pamoja na wenzake kule, na wao mwaka unaofuata watume mmoja wao aje kuona mistari ya mahindi na kubishana nasi shambani. Mifuko iandikwe vizuri, na karatasi za mpaka za kubeba udongo zitafutwe mapema, maana watu wa karantini ya mimea hawana mchezo. Kuhusu lugha hakuna mtihani wa kulipia: atafika, atawasalimia shikamoo, na watamwelewa.